Barabara Ni ya Nani? Historia ya Kivuko cha Waendao kwa Miguu

Mwenye kalamu na aishike, maana leo iko miaka kadhaa ya kuandika.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu ambacho pengine umekikanyaga leo asubuhi bila kukitazama: ile mistari mipana myeupe iliyopakwa barabarani, ambayo watu wa mjini huiita punda milia, au zebra. Kabla hatujaanza, nataka nikuulize swali moja. Gari linakuja, na mtu anataka kuvuka. Nani amngoje mwenzake?

Usijibu upesi. Watu wamebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na majibu yao, ukiyachambua, ni mawili tu. La kwanza lasema: mtu na ajifunze kulikwepa gari. La pili lasema: gari na lijifunze kumngoja mtu. Shika majibu hayo mawili kichwani, maana tutakutana nayo njia nzima.

Tutaanzia Uingereza. Msishangae. Sheria za barabarani za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoka huko wakati wa ukoloni, na ndiyo sababu magari yetu hupita upande wa kushoto. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, waliotawaliwa na Wabelgiji, hupita kulia. Dereva anayetoka Tanzania akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, hana budi kuhamia upande wa pili. Na mtoto wa Mwanza hufundishwa kutazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mtoto wa Bujumbura akifuata mafundisho hayo hayo, gari litamjia kutoka upande asioutazama.

Basi, turudi nyuma mpaka mwaka 1865. Motokaa tunazozijua zilikuwa hazijazaliwa, lakini Uingereza ilikuwa na magari mazito ya kuendeshwa kwa mvuke, yenye kutoa moshi na kelele za kutisha farasi. Bunge likapitisha sheria. Gari la namna hiyo lisiende zaidi ya maili 4 kwa saa nje ya mji, na ndani ya mji lisizidi maili 2. Maili 2 kwa saa ni kama kilomita 3. Mzee mwenye mkongojo hulipita. Tena ilitakiwa mtu atangulie mbele ya gari, hatua sitini hivi, akichukua bendera nyekundu mkononi.

Leo tunaicheka sheria hiyo, na wenye magari waliicheka tangu siku zile. Lakini tazama maana yake. Barabara ilikuwa ya watu, wanyama na mikokoteni. Gari lilikuwa mgeni, na mgeni hupiga hodi. Bendera ile ilikuwa hodi.

Hata kabla ya motokaa, mji wa London ulikuwa na taabu ya kuvuka. Msongamano wa magari ya farasi karibu na Bunge ulikuwa mkubwa hata wabunge wenyewe walishindwa kuvuka njia. (Mambo hutengenezwa upesi wakubwa wanapoyaona kwa macho yao.) Mhandisi mmoja wa reli, J. P. Knight, akaleta fikira za reli barabarani: nguzo yenye mikono ya kuinuka na kushuka mchana, na taa nyekundu na kijani za gesi usiku. Ilisimamishwa Desemba 1868, na askari polisi akawekwa kuigeuza. Haikudumu. Baada ya wiki chache gesi ililipuka, ikamuumiza askari yule, na nguzo ikaondolewa. Taa za barabarani zilirudi baadaye sana, zikiendeshwa kwa umeme. Cleveland huko Marekani waliziwasha mwaka 1914.

Sasa andika mwaka 1896, maana ndio mwaka wa msiba wa kwanza tutakaoutazama kwa karibu. Tarehe 17 Agosti, mwanamke mmoja, Bridget Driscoll, alikuwa akitembea na binti yake katika bustani za Crystal Palace, London. Palikuwa na maonyesho ya motokaa, kitu kipya ambacho wengi walikuwa hawajakiona. Motokaa moja ilikuja, dereva akapiga kengele na kupiga kelele watu wajitenge. Mama yule alisimama kama aliyeduwaa. Motokaa ikamgonga, akafa. Yeye ndiye mwenda kwa miguu wa kwanza katika Uingereza kuuawa na motokaa. Mashahidi walihitilafiana juu ya mwendo: wengine walisema ilikwenda pole pole, mwingine akasema ilikimbia kama gari la zimamoto. Baraza lililochunguza kifo chake likaamua kwamba ni ajali, na ofisa aliyelisimamia akasema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena.

Tumaini hilo halikutimia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 peke yake watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa akitembea kwa miguu.

Lakini tusiruke miaka. Miezi mitatu tu baada ya kifo cha Bridget Driscoll, tarehe 14 Novemba 1896, sheria mpya ilianza kutumika, nayo iliruhusu magari mepesi kwenda mpaka maili 14 kwa saa. Wenye motokaa walisherehekea kwa safari ya kutoka London mpaka Brighton, na katika sherehe ile bendera nyekundu ilichanwa mbele ya watu. Hodi ikaisha. Mwaka 1903 Bunge likapandisha mwendo kufika maili 20, na likaagiza kila gari liwe na namba na kila dereva awe na leseni. Ila leseni yenyewe ilikuwa ya kununua, kwa shilingi 5. Hakuna aliyemwuliza mnunuzi kama anajua kuendesha.

Tumefika mahali ambapo napenda tukae kidogo, maana hapa ndipo majibu yale mawili yalipokutana uso kwa uso.

Kufika mwaka 1930, mwendo wa maili 20 ulikuwa umekuwa kichekesho. Kila dereva aliuvunja, wakubwa kwa wadogo. Bunge lilikuwa na njia mbili: ama kuwalazimisha watu waifuate sheria, ama kuifuta. Likaifuta. Motokaa za watu binafsi hazikuwa tena na mpaka wa mwendo, hata katikati ya mji. Walisema hivi: sheria isiyofuatwa huharibu heshima ya sheria zote, afadhali tumwachie dereva atumie akili na adabu yake, tukimwona anaendesha kwa hatari tumshitaki. Mwaka uliofuata, 1931, serikali ikatoa kitabu kidogo cha mashauri kwa wote watumiao barabara, kuwakumbusha adabu hiyo.

Yalikuwa maneno mazuri, nami siwalaumu sana walioyasema. Hata leo utawasikia watu wenye busara wakisema kwamba tunachohitaji ni ustaarabu wa madereva tu. Basi Waingereza waliujaribu ustaarabu huo kwa miaka minne, na hesabu yake iko. Katika mwaka 1934 watu 7,343 waliuawa barabarani, na zaidi ya 230,000 waliumia. Nchi nzima ilikuwa na magari yapata milioni mbili na nusu. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa wakitembea kwa miguu.

Bungeni mwaka ule walijadiliana kama mwendo uwekewe mpaka tena. Mbunge mmoja, J. T. C. Moore-Brabazon, mtu shujaa kwa upande wake, aliyepata cheti namba 1 cha urubani wa Uingereza mwaka 1910, alipinga. Alikumbusha kwamba zamani motokaa zilikuwa zikigonga kuku wengi, hata manyoya yakajaa mbele ya gari. Lakini sasa kuku wamejua kujihadhari, na mbwa vilevile. Hata wanyama huelimika, alisema, kwa hiyo mambo yatajitengeneza yenyewe.

Nimekaa na hoja hii muda mrefu, nami naona hakuna aliyewahi kulieleza jibu la kwanza waziwazi kuliko bwana huyu. Mtu na ajifunze kulikwepa gari, kama kuku. Hakuwa na ubaya moyoni. Aliona tu kwamba barabara imekwisha kuhama mikononi mwa watu. Ila amesahau jambo moja: mkulima huhesabu kuku waliobaki, hawahesabu wale waliokufa wakiwafundisha wenzao.

Bunge halikumfuata. Sheria ya mwaka 1934 ilirudisha mpaka wa mwendo mijini, safari hii maili 30 kwa saa, kuanzia tarehe 18 Machi 1935. Dereva mpya akalazimishwa kufanya mtihani, kuanzia Juni mwaka ule. Na vivuko vikawekwa ambapo mtu alikuwa na haki ya kupita kwanza. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa waziri wa uchukuzi Leslie Hore-Belisha. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu: alikwenda mtaa wa Camden High Street kuwaonyesha watu jinsi ya kuvuka, nusura agongwe na motokaa iliyopita kasi. Baadaye akaamuru kila kivuko kiwekewe nguzo mbili zenye milia nyeusi na myeupe, na juu yake tufe la rangi ya machungwa lionekane kwa mbali. Matufe ya kwanza yalikuwa ya kioo, na watoto wa mitaani waliyafanya shabaha ya mawe. Jina la waziri likabaki katika nguzo hizo mpaka leo.

Katika mwaka 1935 waliokufa walikuwa 6,502. Toa hesabu mwenyewe: ni pungufu ya watu 841 katika mwaka mmoja.

Pengine unauliza, mwendo una nini hasa? Kitabu cha mashauri cha Waingereza kina hesabu nzuri ya jambo hili, nami naitaja kwa sababu madereva wengi hudhani breki husimamisha gari papo hapo. Gari linalokwenda maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, litasimama baada ya mita 12. Likienda maili 30, kama kilomita 48, litahitaji mita 23: mita 9 zinapita dereva akifikiri tu, kabla mguu wake haujakanyaga breki, na mita 14 breki ikifanya kazi. Likienda maili 60, yaani kilomita 96, ni mita 73. Angalia: mwendo umeongezeka mara mbili kutoka maili 30, lakini nafasi ya kusimama imezidi mara tatu. Na hesabu hiyo ni ya barabara kavu na breki nzima. Mvua ya masika na matairi yaliyokwisha havimo.

Mistari myeupe ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Vivuko vya Hore-Belisha vilikuwa vimetiwa alama kwa vichwa vya misumari mikubwa ya chuma vilivyopangwa barabarani. Mwenda kwa miguu aliviona vizuri, kwa kuwa vilikuwa chini ya macho yake. Dereva aliyekuwa mbali hakuviona. Kwa hiyo wataalamu wakajaribu kupaka rangi, hata buluu na manjano, na mwaka 1949 mistari ikajaribiwa katika vivuko yapata 1,000. Nyeupe juu ya lami nyeusi ilionekana vizuri kuliko zote. Tarehe 31 Oktoba 1951, katika mji wa Slough, kivuko cha milia kilianza rasmi, kikapewa jina la mnyama ambaye wengi wao walikuwa hawajamwona ila katika picha, na sisi tunaye Mikumi na Serengeti.

Rangi ile ilikuwa na sheria nyuma yake. Mtu akiisha kukanyaga mistari, dereva sharti asimame. Uingereza iliendelea kubana: kupima pumzi za madereva walevi kulianza mwaka 1967, na mikanda ya viti vya mbele ikalazimishwa mwaka 1983. Mwaka 2010 waliouawa huko walikuwa 1,850, ijapokuwa magari yalikuwa yamepita milioni 30. Na Januari 2022 kitabu chao cha mashauri kikabadilishwa, kikamwagiza dereva amwachie njia hata mtu ambaye bado anangoja kando ya kivuko.

Sasa turudi kwetu, maana mistari ile ile imepakwa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo mahali penye makazi. Ni karibu sawa na zile maili 30 za Hore-Belisha. Kwa hiyo katika vitabu vyetu tumekwisha kuchagua jibu la pili. Lakini simama kwenye kivuko chochote saa ya kwenda kazini, utazame ni jibu gani linalotumika. Mama mwenye mtoto mgongoni ameweka mguu kwenye mstari. Daladala halipunguzi mwendo, linapiga honi. Mama anarudisha mguu. Honi ile ndiyo hoja ya kuku, ingawa dereva hajapata kulisikia jina la Moore-Brabazon.

Nchini Kenya historia ya matatu inatuonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalumu, na watu wengi walipata usafiri na riziki kwa amri ile, lisisahauliwe hilo. Lakini vifo vikaongezeka miaka ilivyokwenda. Ndipo waziri wa uchukuzi John Michuki alipotoa kanuni zilizoanza tarehe 1 Februari 2004: kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, na sare kwa dereva na kondakta. Matatu nyingi hazikutoka barabarani siku hizo, na watu wakaenda kazini kwa miguu. Walilalamika, kisha wakaanza kuzisifu kanuni, maana abiria alikaa kitini kwake bila kubanwa. Lakini kanuni ililegezwa kidogo kidogo, abiria wa ziada akarudi, na mwezi Novemba 2018 serikali ikalazimika kutangaza kwamba kanuni zile zile zitafuatwa tena. Watu wakatembea kwa miguu mara ya pili.

Linganisha na Waingereza wa mwaka 1930. Wao waliifuta sheria kwa sababu haifuatwi, wakaiandika upya. Wakenya waliiacha katika kitabu, lakini ikaondoka barabarani. Mimi naona kosa la pili ni gumu zaidi kulitambua, kwa kuwa ukifungua kitabu utaikuta sheria ipo, nzima, na kila mtu atadhani mwenzake anaisimamia.

Kuna watakaosema: tujenge madaraja ya kuvukia watu, kama lile la Manzese, Dar es Salaam. Katika barabara kuu zenye magari mengi, madaraja yana kazi yake. Lakini Barabara ya Thika ya Nairobi ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, watu wengi walionekana wakikatiza chini, katikati ya magari, hata palipokuwa na daraja. Wakaitwa wajinga. Kabla hujawaita hivyo, panda wewe ngazi zile na gunia la viazi kichwani, au na mguu mbovu, au usiku ambapo huna hakika nani anakungoja juu. Daraja humwambia mwenda kwa miguu azunguke, apande, ashuke. Gari chini halipunguzi hata kidogo.

Tuta ni jambo jingine. Dereva asiyemjali mtu huijali springi ya gari lake. Ndiyo maana si mara moja wananchi wamefunga barabara baada ya mtoto wa shule kugongwa, wakadai matuta yajengwe. Kufunga barabara ni kosa, nami sikushauri ufanye hivyo. Lakini katika maneno yao utasikia kwamba hawaombi adabu ya dereva tena.

Muda wetu unakwisha, basi nawapa kazi ya juma hili. Wale mlio katika vikundi vya kusikiliza, chagueni kivuko kimoja karibu nanyi, hasa kilicho karibu na shule. Mkae kando yake nusu saa asubuhi. Mwandike magari mangapi yalipita wakati mtu amekwisha kukanyaga mistari, na mangapi yalisimama. Bodaboda na bajaji mziandike mbali. Mtazame kama mistari bado inaonekana kutoka mita 23 au imefutika, na mpime hatua hizo kwa miguu, siyo kwa kukisia. Mkiisha kupata hesabu, mpelekeeni mwenyekiti wenu wa mtaa na polisi wa usalama barabarani, mbaki na nakala moja, mwandike tarehe mliyoipeleka.

Kwa herini.